Usiku Ambao Milima ya Nelson Iliporomoka

 

Wiki iliyopita nimesikia kwamba kuna mpango wa kugawa viwanja pale chini, korongo linapotokea mlimani, kwa sababu ni tambarare na udongo wake ni mzuri. Kabla wazee hawajakaa kikao naomba niwasimulie habari ya wilaya moja ya huku Virginia. Wenyewe wanaita kaunti, na hii inaitwa Nelson. Iko kusini-magharibi ya mji wa Charlottesville, katika milima ya Blue Ridge. Ukiona mabonde yake, vijito, bustani za matufaha na nyumba zilizotawanyika mmoja mmoja, utadhani uko Upare.

Mwaka 1969 kaunti hiyo ilikuwa na watu kama 12,000. Usiku wa Agosti 17 mwaka huo, kimbunga kilichoitwa Camille kilipiga pwani ya jimbo la Mississippi, mbali sana na hapa. Upepo wake ulikadiriwa kufika kilomita 280 kwa saa. Kilipoingia bara kikapoteza nguvu, kama vimbunga vinavyofanya kwa kawaida. Siku mbili baadaye kilikuwa kimebaki wingu la mvua tu, na watabiri wa hali ya hewa hawakutazamia makubwa. Watu wa Nelson walilala jioni ya Agosti 19 kama siku nyingine yoyote.

Lakini lile wingu lilikuwa bado limebeba maji mengi. Lilipokutana na milima ya Blue Ridge likayamwaga yote mahali pamoja. Kwa muda wa saa nane hivi ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 680. Mjue kwamba Dodoma hupata pungufu ya hapo kwa mwaka mzima! Walionusurika wanasimulia kwamba ilibidi mtu afunike pua na mdomo kwa kiganja ili apate kuvuta pumzi, na kwamba asubuhi waliokota ndege waliokufa maji wakiwa kwenye miti.

Sasa hapa ndipo penye somo. Wengi wetu tukisikia mafuriko tunafikiria mto unaopanda polepole. Milimani haiwi hivyo. Kule Nelson udongo ni tabaka jembamba lililolala juu ya mwamba, na tayari ulikuwa umelowa. Maji yalipozidi, udongo ulijitenga na mwamba ukateremka pamoja na miti yake na mawe makubwa, ukafuata makorongo hadi chini. Kitu kama hicho kina uzito wa zege na mwendo wa gari. Nyumba za mbao ziling'olewa na msingi wake, watu wakiwa ndani wamelala.

Kaunti ya Nelson ilipoteza watu 124, waliokufa na waliopotea. Ni kama mtu mmoja katika kila mia. Kwenye bonde moja tu, Davis Creek, walikufa zaidi ya 50, na kuna ukoo mmoja uliopoteza watu zaidi ya 20 kwa usiku mmoja. Wengine hawajaonekana hadi leo. Umeme na simu vilikatika, madaraja yakachukuliwa na maji, kwa hiyo hata walipotaka kuita msaada hawakuweza. Kwa saa nyingi za mwanzo waliookoa watu walikuwa majirani wenyewe.

Baadaye wanajiolojia walikwenda kuchimba katika yale mabonde. Chini ya tope la 1969 walikuta tabaka za maporomoko mengine ya kale, yaliyopishana kwa miaka maelfu. Maana yake ile tambarare nzuri iliyo kwenye mdomo wa korongo, ambapo watu walijenga na kulima, ililetwa hapo na maporomoko yenyewe. Mlima ulikuwa umekwisha pita njia hiyo zamani, ila hapakuwa na babu wa kukumbuka.

Wamarekani walijifunza kiasi. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1977 katika milima ya Appalachia, kaunti nyingi za milimani ziliwekewa vipimo vya mvua vinavyotuma taarifa kwa redio, ili wakuu wajue mvua inapozidi hata kama ni usiku. Hata hivyo kimbunga Helene kilipofika milima ya North Carolina, Septemba 2024, watu zaidi ya 100 walikufa katika jimbo hilo. Safari hii tahadhari kali zilikuwa zimetolewa mapema. Lakini tahadhari haihamishi nyumba, na mitandao ya simu ilizimika kama ilivyozimika Nelson.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Desemba 3, 2023 mlima Hanang uliteremsha tope na magogo hadi Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Na sisi wa Same hatuhitaji kwenda mbali, kwa maana Novemba 2009 maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 20 katika milima yetu wenyewe.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Kwanza, pale kwenye mdomo wa korongo tupande migomba na mahindi, viwanja vya nyumba vitafutwe pembeni, juu kidogo. Kweli ni mbali na maji, lakini bomba huvutwa. Pili, mkiona mawe makubwa yaliyolala shambani peke yake, jiulizeni nani aliyaleta. Tatu, mvua ikinyesha usiku kucha awepo mtu wa kukesha. Mkisikia mngurumo kutoka juu, miti inavunjika, au kijito kimepungua ghafla ilhali mvua bado inanyesha, basi huko juu kuna kitu kimeziba na kinakuja. Ondokeni kwenda pembeni, msikimbie kufuata bonde. Nne, kubalianeni mapema ishara, iwe filimbi au kengele ya kanisa, maana simu itakuwa ya kwanza kufa.

Najua ardhi ni finyu na vijana wanataka kuoa. Kama gharama ndiyo tatizo, mimi nitachangia kununua eneo lingine. Afadhali kuchanga kwa ajili ya kiwanja kuliko kuchanga kwa ajili ya msiba.

Wazee msomeeni na shangazi, halafu mniambie kikao kimeamua nini.

Wasalaam.