Maisha Baada ya Chuo: Wahitimu Watatu, Barabara Moja ya Mbeya na Simu Mkononi

Kuna swali linazunguka sana kitaa. Kwa nini mtu akimaliza chuo, simu inamkamata kuliko hata alipokuwa hosteli? Wazee wana jibu lao la haraka: vijana wa zamani walikuwa na nidhamu, wa siku hizi hawana. Jibu hilo linanoga kijiweni, ila historia hailikubali.

Ukitaka kuona ilivyokuwa, wafuate wahitimu watatu wanaorudi nyumbani kwa barabara ileile, Dar kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 800. Mmoja anarudi 2004, mwingine 2013, wa tatu 2024. Majina yao hayana umuhimu. Kila aliyesoma anamjua mtu wa kufanana nao, na wengine wataona wanajisoma wenyewe.

2004: Unalipa kwa nusu saa

Wa kwanza anamaliza Mlimani mwaka 2004. Simu yake ni ya kubonyeza. Inapiga, inatuma meseji, na zaidi inabipu, kwa sababu vocha ya kukwangua haikai. Intaneti haipo mfukoni, ipo kafe, Mwenge au Posta, na unalipia nusu saa au saa nzima.

Wakati huo Tanzania ilikuwa inapata intaneti ya nje kwa setilaiti. Ndiyo maana ilikuwa ghali na inatambaa. Unafungua Yahoo, unasubiri. Unafungua barua pepe moja, unasubiri tena. Mhudumu yuko mbele anaangalia muda, na ukiisha skrini inajifunga hata kama barua uliyokuwa unaandika iko katikati.

Watu wakazoea kuingia kafe na karatasi. Jamaa anaandika kabisa kabla hajakaa: kujibu barua mbili, kuangalia tangazo la skolashipu, matokeo ya mpira kama dakika zitabaki. Akimaliza anaondoka. Hakuna cha kuperuzi, maana kuperuzi ni hela.

Februari mwaka huohuo, kule Marekani, wanafunzi wa Harvard walikuwa wanaanzisha Facebook. Ilianza na wanafunzi wa chuo, na Septemba 2006 ndipo ikafunguliwa kwa kila mtu. Mhitimu wetu hana habari nayo. Yeye yuko Ubungo saa 12 asubuhi, begi limefungwa juu ya basi.

Njia nzima anaangalia nje, kwa sababu hakuna kingine cha kuangalia. Chalinze wauzaji wanakimbilia madirisha. Baada ya Morogoro barabara kuu inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50, na abiria anaona twiga, swala, akibahatika na tembo, bila kulipa kiingilio. Basi linasimama watu wanachimba dawa. Ruaha Mbuyuni kuna mibuyu na vitunguu, kisha mlima Kitonga, gari linapanda kwa kujivuta. Anaingia Mbeya usiku akiwa ameshajua jirani yake wa siti anatoka wapi, ana watoto wangapi na anaumwa nini.

Inapendeza, sivyo? Sasa sikia upande wa pili. Kijijini kwao hakuna kafe. Barua ya kuitwa kwenye usaili inaingia Yahoo na kukaa humo wiki mbili. Siku anapopata nauli ya kwenda mjini na kuifungua, tarehe imeshapita. Hakuna wa kumlaumu.

Kwa hiyo ule uwiano wake kati ya mtandao na maisha haukuwa hekima. Ilikuwa bei. Hela ndiyo iliyomwambia inatosha, na hela hiyohiyo ikamnyima usaili.

Nyaya mbili za chini ya bahari

Mambo yalianza kubadilika Julai 2009. Mkongo wa SEACOM ulifika pwani ya Afrika Mashariki na kuwashwa, Dar ikaunganishwa na dunia kwa waya uliolala chini ya bahari. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2010, ukaja wa pili, EASSy. Setilaiti ikaanza kusahaulika, kasi ikapanda, na polepole bei ikashuka.

Miaka hiyohiyo WhatsApp ilikuwa inaanza, 2009, na Instagram ikafuata Oktoba 2010. Kwa hiyo njia na magari vilikuja karibu pamoja. Makafe yakaanza kufunga moja moja. Mengine yakageuka sehemu za kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti.

2013: Boom, BlackBerry na mti wa mtandao

Wa pili ni dada, anamaliza 2013. Huyu ni wa kizazi cha boom, ile hela ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi 2005. Boom la mwaka wa kwanza lilinunua BlackBerry ya mtumba. Intaneti sasa inauzwa kwa bando: la siku, la wiki, la usiku. Wenzake wanakesha saa nane usiku wakipakua muvi.

Kwenye basi anachati kuanzia Ubungo. Anaposti Facebook kwamba ndo anaenda home. Ila simu ina betri moja na basi halina pa kuchajia, kwa hiyo ikifika Mikumi imezima. Twiga anawaona, na Kitonga anaiona. Nusu ya safari ni ya simu, nusu ni yake.

Kijijini ni vilevile. Mtandao unashika sehemu moja tu, karibu na mti ulioko juu ya barabara. Jioni vijana wanakusanyika pale, kila mtu amenyoosha mkono hewani. Unapanda, unasoma meseji, unajibu, unashuka kwenda kula. Bado kuna mpaka, japo umeshaanza kuwa mwembamba.

Dada huyu alikuwa na ndoto. Akafungua blogu ya safari, anaandika kuhusu njia ya nyanda za juu, vyakula, nyumba za kulala wageni za bei ya chini. Haikumpa hela ila ilimpa jina. Halafu 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kuwa na leseni, na ukijumlisha maombi, leseni na ada ya mwaka, ni zaidi ya shilingi milioni 2. Kwa mtu aliyekuwa anaishi kwa kuunga unga, hiyo ilikuwa kwaheri. Akaifunga na kuhamia Instagram kama wengi.

Hapo kuna kitu hakisemwi sana. Blogu ilikuwa na mwisho. Unasoma makala, inaisha, unaondoka. Instagram haina chini. Unavuta, inaongeza. Unavuta tena, inaongeza tena.

Mipaka inaondoka

Kati ya huyu wa pili na wa tatu, karibu kila kizuizi kiliondoka. Oktoba 2015 Halotel iliingia sokoni ikiwa imejenga minara mingi vijijini, na ule mti wa mtandao ukarudi kuwa mti wa kawaida. Juni 2016 simu feki zikazimwa nchi nzima. Watu wakalalamika, kisha wakanunua nyingine. Kwenye mabasi pakaja pa kuchajia kwenye siti. Februari 2017 WhatsApp ikaleta status, na tangu hapo kila mtu ana kituo chake kidogo cha televisheni.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba kazi yenyewe ilihamia humo. Zamani maombi ya serikalini yalienda kwa barua, na bahasha na stempu. Siku hizi unaomba kupitia Ajira Portal. Nafasi zinatangazwa mtandaoni, majina ya walioitwa usaili yanatoka mtandaoni, na mtu wa kwanza kukushtua ni mwenzako kwenye grupu la darasa.

Ndiyo maana lile swali la mwanzo lina jibu ambalo halihusu uvivu. Chuo kinakupa ratiba bila wewe kujua: vipindi, testi, saa ya kula, watu wa kukaa nao. Siku unayorudisha joho, vyote vinaondoka kwa pamoja. Kinachobaki cha chuo ni lile grupu. Humo ndimo marafiki waliko, ndimo tangazo la kazi litapita, na humohumo ndimo unaona nani amepata ajira, nani yuko Zanzibar na nani kavalishwa pete. Mtu haingii kuperuzi tu. Anaogopa kukosa. Kumbuka jamaa wa 2004 alivyokosa usaili kwa kutofungua barua pepe. Hofu hiyo ina historia.

2024: Siku ya Mama

Wa tatu amehitimu mwishoni mwa 2023. Miezi kadhaa amezunguka Dar na vyeti, geto la mshkaji limekuwa dogo, na Aprili 2024 anaamua kurudi kwao Rungwe. Anapanda basi stendi ya Magufuli, Mbezi, iliyochukua nafasi ya Ubungo mwaka 2021. Ana bando la mwezi na chaji ya kutosha.

Mikumi anamrekodi twiga kwa sekunde chache, anaweka status, halafu kilomita zote zilizobaki za hifadhi anaangalia nani ameona. Jirani yake wa siti ni mama mtu mzima aliyejaribu kumsalimia mara mbili. Kitonga imepita, yeye yuko kwenye video ya mtu anayepanda Kitonga.

Nyumbani anapokelewa vizuri. Wiki tatu anakaa chumbani akifungua portal, grupu, TikTok, portal. Mama anamwita kula, anakuja na simu. Hamsemi. Anajua mwanawe anatafuta kazi, na kazi zenyewe ziko humo ndani.

Jumapili ya Mei 12, 2024 ilikuwa Siku ya Mama. Asubuhi ile, mbali kabisa kusini mwa bahari, nyaya zilezile mbili, SEACOM na EASSy, zikapata hitilafu. Intaneti ikakatika au kudorora kwa siku kadhaa Afrika Mashariki, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Hata ubalozi wa Marekani jijini Dar ulifunga huduma kwa siku mbili.

Kijana alikuwa amempiga mama picha mlangoni, kanga begani, anataka kuiweka status na maneno matamu. Picha ikazunguka. Haikupanda. Akazima simu, akawasha, akatoka nje kuitafuta mnara, bado.

Mama akamuuliza, "Sasa hiyo salamu yangu unawapelekea akina nani, mwanangu? Mimi si nipo hapa?"

Akacheka, lakini aliona aibu. Jumatatu mtandao bado unasuasua, akamfuata mama kuchuma chai. Walipofika mwisho wa mistari akaendelea mbele, mama akamsimamisha. Kule si kwetu tena, akamwambia. Ni kwa jirani. Aliiuza sehemu ile mwanawe akiwa mwaka wa pili, boom lilipochelewa na yeye akapiga simu kwamba ada inamzuia kufanya mtihani.

Alikuwa nyumbani wiki tatu. Dirisha la chumba chake linatazama shamba lile.

Kilichobaki baada ya mtandao kurudi

Tusidanganyane kwamba alibadilika akawa mtawa. Mtandao ulipokaa sawa, meseji zilishuka kama mvua na usiku ule alikesha nazo. Ila keshoyake alifanya kitu ambacho jamaa wa 2004 angekitambua mara moja: alichukua karatasi. Portal, barua pepe, grupu la darasa, basi. Nusu saa baada ya chai ya asubuhi, nusu saa jioni. Katikati simu inabaki juu ya kabati ikiwa na sauti, ili usaili ukija ilie.

Siku nyingine anavunja ratiba, kisha anarudi. Tofauti yake na jamaa wa kafe ni kwamba hakuna mhudumu wa kumfungia skrini. Anajifungia mwenyewe, na hiyo ni kazi ngumu kuliko wazee wanavyodhani, kwa sababu wao hawakuwahi kuifanya. Waliifanyiwa na umaskini wa mtandao.

Na hakuna haja ya kutamani turudi kwenye setilaiti. Nyaya zile zimeleta ajira, masomo na sauti za watu waliokuwa mbali. Kilichopotea njiani ni ile saa ya kuishiwa, na hakuna kampuni itakayokurudishia, maana ndiyo inayouza bando.

Picha ya mama bado imo kwenye simu. Haijawahi kuwekwa status.

Wadau, mara ya mwisho mliposafiri kwenda nyumbani, mliona nini dirishani?