Kwa Nini Luku Ina Namba 20, na Kwa Nini Mita Wakati Mwingine Hugoma

Ukinunua umeme wa elfu moja au wa laki moja, meseji inayorudi ina kitu kilekile: tarakimu 20. Kuanzia Kihonda na Mafiga hadi vijiji vya Kinole na Nyandira juu kwenye Uluguru, watu wanazibonyeza moja moja, wengine kwa tochi ya simu, wengine huku mtoto akiwasomea. Ukikosea moja, unaanza upya. Watu wengi wanajiuliza kwa nini usumbufu huu upo wakati hela yenyewe inatumwa kwa sekunde chache.

Jibu ni kwamba mita ya Luku ya kawaida haina mtandao. Haina laini ya simu wala haiongei na seva ya TANESCO. Ukilipia kwa M-Pesa au Airtel Money, kompyuta za TANESCO zinajua umelipa, lakini mita iliyo ukutani au juu ya nguzo haijui chochote. Njia pekee ya kuipelekea habari ni vidole vyako. Kwa hiyo zile tarakimu 20 ndiyo barua yenyewe, na kila kitu ambacho mita inatakiwa kujua lazima kienee humo.

Mfumo huu unaitwa STS. Ulianzia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na sasa unatumika nchi nyingi duniani. Kwa lugha ya kompyuta, tarakimu 20 zina nafasi ya biti 66, na wabunifu walizigawa kwa ubahili mkubwa. Biti 16 zinabeba kiasi cha uniti. Nyingine 16 ni za kukagua makosa, na ndizo zinazofanya mita ikatae ukibonyeza 6 badala ya 9. Biti 24 zinabeba muda ambao tokeni ilitengenezwa, kwa dakika. Zilizobaki ni aina ya tokeni na namba chache za kubahatisha. Kisha mzigo huo unafungwa kwa ufunguo wa siri unaoendana na namba ya mita yako. Ndiyo maana tokeni ya jirani haifanyi kazi kwako hata kama mnatumia nguzo moja.

Kwa mtu wa milimani, ubunifu huu una faida ambayo ni rahisi kuisahau wakati wa kulalamika. Uluguru ni milima yenye mikunjo mingi, na kilele cha Kimhandu kinazidi mita 2,600. Kuna mabonde ambayo simu inashika ukisimama kwenye kichuguu tu, na ukiingia ndani inapotea. Mita inayotegemea mtandao ingekuwa tatizo huko. Lakini tarakimu 20 zinasafiri kwa njia yoyote. Mtoto aliyeko Morogoro mjini ananunua, anamsomea mama kwa simu mama akiwa kwenye kichuguu, mama anaziandika kwenye kipande cha boksi na kushuka nazo nyumbani. Au anapewa bodaboda karatasi. Mita haijali zimefikaje.

Usumbufu unaanza pale mita inapogoma. Maneno yanayotokea kwenye kioo yanatofautiana kulingana na kiwanda, lakini sababu za kawaida ni chache. Kuna kukosea kubonyeza. Kuna tokeni iliyokwisha kutumika, maana mita inakumbuka tokeni za nyuma na haikubali ileile mara mbili. Hili huwakuta sana watu wa nyumba moja ambapo mmoja ameshaingiza na mwingine hajui. Kuna tokeni iliyotengenezwa kwa namba ya mita nyingine. Na kuna tokeni ya zamani, iliyokaa kwenye simu muda mrefu huku mpya zaidi zikiingizwa kabla yake. Ukijaribu na kukosea mara nyingi mfululizo, mita nyingi hujifunga kwa muda. Hiyo ni kinga dhidi ya wanaobahatisha namba, ila inamuumiza zaidi mwenye haki yake anayebonyeza gizani. Iache kidogo, kisha jaribu tena taratibu. Ikigoma kabisa, piga TANESCO namba 180 ukiwa na namba ya mita na ile meseji.

Rimoti nayo ina vituko vyake. Kwenye nyumba ambazo mita iko juu ya nguzo, ile rimoti ya ndani inategemea betri pale uniti zinapokwisha, kwa sababu waya wa ndani hauna tena umeme wa kuiwasha. Wengi wanaitumia miaka bila kugusa betri, kwa kuwa umeme upo, halafu siku uniti zimeisha ndiyo wanagundua betri zilishakufa. Betri nzuri za akiba zikiwekwa karibu na rimoti zinaokoa safari ya dukani saa nne usiku.

Halafu ikaja 2024. Zile biti 24 za muda zinahesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na uwezo wake ni dakika 16,777,216. Hizo ni takriban miaka 31.9. Hesabu ikagota tarehe 24 Novemba 2024, duniani kote kwa mita zilizokuwa kwenye msingi huo. Mita ambayo ingefika siku hiyo bila kurekebishwa isingezima. Ingeendelea na uniti zilizomo, kisha ingekataa kila tokeni mpya.

Ndiyo sababu ya yale makundi matatu ya tarakimu 20. Mteja alinunua umeme, akaletewa tarakimu 60 badala ya 20. Makundi mawili ya kwanza yalikuwa ya kubadilisha ufunguo wa mita, na la tatu ndilo lenye uniti. Mtaani wapo waliodhani ni utapeli, wengine wakaingiza kundi la mwisho kwanza kwa sababu ndilo wanalolijua. Mita haikukubali, kwa kuwa uniti zilikuwa zimefungwa kwa ufunguo mpya ambao bado haujaingia. Na aliyekuwa na tokeni ya zamani ambayo hajaiingiza, akabadilisha ufunguo kwanza, alikuta ile ya zamani haifungui tena.

Je, wabunifu walikuwa wazembe? Hapa kuna hesabu ya kufurahisha. Tarakimu 20 zinabeba biti 66, hazifiki 67. Biti moja ya ziada kwenye muda ingeongeza umri wa mfumo mara mbili, hadi karibu miaka 64, lakini ingelazimisha tarakimu ya 21. Kwenye tarakimu moja hakuna ubaya, mtu atasema. Lakini izidishe kwa kila mteja, kila manunuzi, kwa miaka 30, kwa watu ambao wengine hawaoni vizuri na kitufe cha 5 kimechubuka. Walichagua kumpunguzia mtu wa 1995 kazi ya vidole na kumwachia mtu wa 2024 siku moja ya tarakimu 60. Ukiangalia kwa utulivu, haukuwa uamuzi mbaya.

Kero ambayo haitokani na mita kabisa ni ya hela. Mtu ananunua ya 5,000 anapata uniti 14, mwenzake wa mtaa wa pili anapata karibu 41, kila mmoja anahisi kuibiwa au kupendelewa. Tofauti ni kundi la bei. Kwa bei za EWURA za 2016, mtumiaji mdogo wa kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo na kodi. Wa T1 analipa 292. Juu yake kuna VAT, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Wapangaji wa vyumba sita wanaotumia mita moja wanaweza kuvuka D1 hata kama kila mmoja peke yake anatumia kidogo, maana mita haijui kwamba ndani kuna familia sita. Inajua jumla tu.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo nayo inakatwa kupitia Luku, na ni rahisi kuona kwa nini serikali iliipenda njia hii: hakuna anayekwepa kununua umeme. Ila mita haimtambui mwenye nyumba na mpangaji. Anayenunua ndiye anayekatwa, na usiponunua miezi kadhaa makato yanajikusanya na kukusubiri. Mpangaji mwenye akili anatunza zile meseji, maana zinaonyesha kiasi kilichokatwa, na anazipeleka kwa mwenye nyumba siku ya kulipa kodi ya chumba.

Sasa zimeanza kuja mita janja, ambazo zinapokea uniti zenyewe bila mtu kubonyeza. Kwa Morogoro mjini hilo ni jambo la kushangilia. Kwa kijiji kilichojificha nyuma ya mlima, swali la kuuliza kabla ya kushangilia ni kama mita hiyo bado ina sehemu ya kubonyeza tarakimu siku mtandao ukipotea. Nchi iliwahi kuonja hali hiyo kwa upande wa manunuzi: Mei 2021 mfumo wa kuuza Luku ulikwama kwa siku kadhaa, na hapo hata mita nzima isiyo na kosa haikusaidia, kwa kuwa hakukuwa na tarakimu za kuingiza.

Mita zilizohamishiwa kwenye msingi mpya wa 1 Januari 2014 zina dakika zilezile 16,777,216. Zitagota tarehe 24 Novemba 2045.