Leso za Thika

Leso, au kanga kama inavyoitwa zaidi Tanzania, ni kitambaa chepesi cha pamba chenye urefu wa takriban mita 1.5 na upana wa mita 1.1. Ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani maneno yanayochapishwa chini ya mji. Ilizaliwa pwani katika karne ya 19, lakini hutengenezwa bara pia: Thika Cloth Mills, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1958 mjini Thika, ni miongoni mwa vichache vya Kenya vinavyoichapisha.

Humo pamba huingia ikiwa marobota na kutoka ikiwa nguo. Husokotwa, hufumwa, hupaushwa, kisha huchapishwa rangi moja baada ya nyingine. Hapo ndipo ustadi unapopimwa, kwani rangi ikisogea kidogo tu, pindo huvurugika na herufi za jina hazisomeki.

Wengi hawajui kwamba kwa miongo kadhaa baada ya Vita Vikuu vya Pili, leso nyingi zilizovaliwa Mombasa zilichapishwa Japani. Kampuni ya Nishizawa ilipokea maagizo kutoka Afrika Mashariki, maneno ya Kiswahili yakiwemo, na mafundi wa huko wakayachapa bila kuijua lugha.

Wajapani wenyewe wana kitambaa chao cha kila siku, tenugui, cha takriban sentimita 35 kwa 90. Hutumika kufutia mikono, kufungwa kichwani na kufungia vitu. Kwa mbinu iitwayo chusen, kitambaa hukunjwa tabaka kwa tabaka, hupakwa gundi ya kuzuia rangi, kisha rangi humiminwa ipenye hadi chini, hivyo pande zote mbili hufanana. Ncha zake huachwa bila kupindwa ili kikauke upesi. Leso, kinyume chake, hupindwa: huuzwa doti, vipande viwili vilivyoungana, na mnunuzi humpelekea fundi cherehani aikate na kuipinda.

Nchini Kenya, soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje miaka ya 1990, mitumba na nguo za nje ziliviangusha viwanda vikubwa, Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret vikiwemo. Thika Cloth Mills haikufunga. Kusalia kwake ni jambo kubwa kwa wakulima, maana kiwanda kinachosokota uzi wake ndicho kinachonunua pamba yao.