Madoa Meupe Nyuma ya Kioo: Stori ya Kitambo ya Samaki wa Chumvi, Mrututu na Watu Wasiotajwa

Ukipitia Insta usiku utaliona tu. Nyuma ya sofa la staa kuna tangi la kioo, taa ya bluu, na samaki wa rangi rangi wanakatiza kama wako kwenye video ya Bongo Fleva. Likes zinamiminika. Kinachotokea wiki ya tatu hakipostiwi. Samaki mmoja anaamka na madoa meupe mwilini kama kamwagiwa chumvi ya mezani. Anajisugua kwenye jiwe, anahema haraka haraka, chakula hataki. Kesho yake anaelea tumbo juu. Keshokutwa wanamfuata wenzake, na kufikia wikiendi tangi zima limebaki maji na taa.

Mtaani watakuambia samaki wa chumvi wana nuksi. Hawana nuksi hata kidogo. Wana ugonjwa unaojulikana kwa jina, wenye tiba iliyoandikwa miaka mingi iliyopita. Na ukiifuatilia hiyo stori, kumbe inapita hadi Mikindani.

Nemo siyo wa huku

Tuanze na staa mwenyewe. Filamu ya Finding Nemo ilitoka 2003, na tangu hapo ukisema "samaki wa mapambo" mtu anamuwaza yule wa machungwa mwenye mistari mitatu myeupe. Sasa wadau, yule hayuko pwani ya Afrika Mashariki. Ukishuka na miwani ya kuzamia kwenye miamba ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati kuelekea mdomo wa Ruvuma, bahari yake ni ya binamu zake. Mmoja ni Amphiprion allardi, mwili wa kahawia iliyokolea na mistari miwili myeupe, ambaye wanasayansi walimpa jina hilo mwaka 1970. Mwingine ni Amphiprion akallopisos, ana mstari mmoja tu mweupe unaopita mgongoni. Wote wanaishi kwenye mikono laini ya yule mnyama wa baharini anayechoma kama upupu, na wenyewe hawadhuriki.

Jirani zao ni kina kangaja, kitatange, pono na tasi. Kangaja ndiye wa kumkumbuka hapa, kwa sababu akiingia kwenye tangi huwa wa kwanza kushikwa na madoa.

London walivyopagawa na matangi

Mwaka 1832, huko Sicily, mwanamke Mfaransa aitwaye Jeanne Villepreux-Power alitengeneza masanduku ya kioo ili achunguze viumbe wa baharini wakiwa hai. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, ya kwanza duniani ya kulipia kiingilio. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholifanya neno "akwariamu" liwe la kila mtu. Basi London ikapagawa. Kila nyumba yenye uwezo ilitaka bahari sebuleni. Ilikuwa kiki ya enzi hizo.

Tatizo ni kwamba viumbe walikuwa wanakufa hovyo. Pampu ya umeme ya kusukuma hewa haikuwepo. Maji yalichafuka, joto likapanda na kushuka, na wengi walidhani samaki akifa ni maji tu yamekuwa mabaya. Ugonjwa haukuwa kichwani mwa mtu.

Miaka hiyo hiyo pwani ya huku ilianza kuingia kwenye vitabu vyao. Mwaka 1866 kilitoka kitabu kikubwa kuhusu samaki wa Zanzibar. Waliotajwa kwenye jalada ni wawili: Robert Lambert Playfair, balozi mdogo wa Uingereza kule Unguja, na Albert Günther, mtaalamu wa samaki wa London. Wavuvi waliowatoa wale samaki majini, walioujua mwamba upi una nani na bamvua lipi linamleta, hawapo kwenye jalada. Samaki walipewa majina ya Kilatini, wavuvi hawakupewa hata mstari.

Mwaka huo huo, mwezi Machi, David Livingstone alishindwa kuingia na wanyama wake kwenye mdomo wa Ruvuma kwa sababu ya mikoko, akarudi kushukia ghuba ya Mikindani. Alikuwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa, nyumbu wa mizigo na punda. Alitaka kuona kama wataweza kuhimili mbung'o. Hawakuweza. Kung'atwa, kuchoshwa na kutendewa vibaya njiani kuliwamaliza mmoja baada ya mwingine. Leo Mikindani kuna nyumba yenye kibao cha Livingstone. Waliobeba mizigo ya safari za namna ile, wengi wao hawana kibao popote.

Wanyama wale na samaki wa sebuleni wana somo moja. Mnyama ukimhamisha ghafla, ukamchosha, kisha ukamkutanisha na mdudu asiyeweza kumkimbia, hata kama jana alikuwa mzima kama kigongo, ataanguka.

Mdudu anapata jina

Mwaka 1931, mtaalamu aitwaye Brown alieleza kimelea kidogo sana kilichokaa kwenye mashavu na ngozi ya samaki wa baharini. Leo kinaitwa Amyloodinium. Samaki anaonekana kama kapakwa vumbi la dhahabu, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwaka 1951 Brown huyo huyo akakipa jina kimelea cha madoa meupe, Cryptocaryon irritans, ambacho Wajapani walikuwa wameshakieleza miaka ya 1930.

Hapa ndipo panapowakamata wengi, kwa hiyo soma taratibu. Kile kidoa cheupe unachokiona siyo ugonjwa wote. Ni hatua moja tu. Kimelea kinakaa chini ya ngozi ya samaki siku 3 hadi 7 kikila. Kikishiba kinadondoka, kinajifungia kwenye ganda chini ya mchanga au juu ya jiwe. Humo kinajigawa, na baadaye wanatoka watoto kwa mamia. Wengine hutoka baada ya siku chache, wengine baada ya wiki kadhaa. Watoto hao wana kama siku moja au mbili tu za kumpata samaki, la sivyo wanakufa.

Sasa fikiria baharini. Kimelea kinadondoka usiku kwenye mwamba wa Msimbati, watoto wanatoka, mkondo unawatawanya kilomita na kilomita. Wengi hawampati samaki. Anayepatwa anapatwa na wachache, mwili unajifunza kupambana, maisha yanaendelea. Ndani ya tangi la lita 200 hakuna mkondo wa kumpeleka mtu popote. Mamia wanatoka na samaki ni yule yule, amelala pale pale. Ugonjwa ulikuwepo baharini siku zote. Kioo ndicho kilichoufanya muuaji.

Ndiyo maana madoa yanapotoweka siku ya tano na mwenye tangi akapost "wamepona, asanteni kwa maombi", huwa hawajapona. Vimelea viko chini, vinajigawa. Raundi ya pili inakuja na nguvu mara kumi.

Mrututu unaingia kazini

Tiba iliyobadilisha mchezo iliandikwa 1955 na Robert Dempster wa Steinhart Aquarium, San Francisco. Alitumia shaba, ile ile iliyomo kwenye mrututu, chumvi ya bluu ambayo wakulima wanaifahamu kwa kupulizia mimea. Shaba kidogo sana kwenye maji inaua watoto wa kimelea wakiwa wanaogelea wanatafuta samaki.

Angalia lakini. Shaba haimgusi aliye chini ya ngozi, wala aliyejifungia kwenye ganda. Inamngoja mlangoni. Kwa hiyo dawa ya siku tatu ni kupoteza hela; inabidi kiwango kishikiliwe kwa wiki 3 hadi 4 bila kushuka. Na kiwango chenyewe ni chembamba: kwa shaba ya kawaida ni kama miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Ikipungua, kimelea kinakucheka. Ikizidi, unamuua samaki kwa mkono wako. Bila kipimo cha shaba unabahatisha.

Kingine, shaba inaua kamba, konokono na matumbawe. Halafu matumbawe na mchanga wa chokaa vinainywa shaba na kuificha. Nyumba za kale za Mikindani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mtu wa huko anajua lile jiwe linavyofyonza. Ukimwaga dawa kwenye tangi lenye mawe hayo, asubuhi ukipima imeshapungua. Ndiyo maana wazoefu hawatibu kwenye tangi la sebuleni. Wanamhamishia mgonjwa kwenye tangi la pembeni lisilo na mchanga wala mawe, lenye pampu ya hewa na kipande cha bomba cha kujificha. Tangi kubwa wanaliacha bila samaki hata mmoja kwa wiki 6 hadi 8, wengine wanafikisha siku 76, ili watoto wanaotoka wakose pa kushika na kufa njaa.

Ipo na njia ya kupunguza chumvi. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita. Ukishusha polepole hadi chini ya nusu na kushikilia kwa wiki kadhaa, Cryptocaryon anashindwa. Yule wa vumbi la dhahabu hajali. Kwa huyo wataalamu hutumia shaba, au klorokwini. Ndiyo, ile ile iliyowakuna wazazi wenu mwili mzima, iliyokuwa dawa namba moja ya malaria Tanzania hadi 2001. Hii siyo ya kukisia kwa kijiko. Muulize daktari wa mifugo kwanza.

Daktari wa mwamba na sumu ya duka

Kuna samaki mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni ambaye kazi yake mwambani ni kusafisha wenzake. Chewa mkubwa anatulia, anafungua mdomo, dogo anaingia anachokonoa hadi kwenye mashavu. Utafiti uliofanyika Great Barrier Reef, Australia, ulikuta mmoja anakula vimelea zaidi ya 1,200 kwa siku. Wauzaji wanapenda kumuuza kama tiba. Ni changamoto nyingine hiyo: vimelea vya madoa meupe viko chini ya ngozi, havitoi. Tangini huyo daktari mara nyingi anakufa njaa.

Halafu kuna wale wanaokufa bila doa lolote. Tangu miaka ya 1960 huko Ufilipino samaki wa mapambo wamekuwa wakivuliwa kwa sumu ya sayanaidi inayowalevya. Pwani ya huku wazee waliujua utupa, mmea unaolevya samaki kwenye madimbwi maji yakitoka. Wazo ni moja, ila sayanaidi ni kali zaidi. Samaki anazinduka, anapendeza dukani, kisha anakufa baada ya siku au wiki. Mnunuzi anatafuta dawa ya ugonjwa ambao haupo.

Kinachobaki Mikindani

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, ikichukua kilomita za mraba 650 hivi. Miamba yake imepitia joto la 1998 lililopausha matumbawe, na imepitia baruti. Kila samaki wa mapambo anayetolewa mwambani bila kibali na kufa wiki ya tatu nyuma ya sofa, ametolewa sehemu ambayo tayari inahema.

Ndiyo maana karantini siyo mbwembwe za matajiri. Samaki mpya akae peke yake angalau wiki 4 kabla ya kukutana na wenzake. Nunua aliyezalishwa kwenye matangi pale inapowezekana. Familia ya kina Nemo inazaliana vizuri kwenye kioo. Muulize muuzaji samaki katoka wapi na kavuliwa na nani. Swali hilo la pili lilikosa jibu kwenye jalada la 1866, na kwenye maduka mengi bado linakosa jibu. Yupo mtu fulani aliyezama akamshika kwa wavu mdogo bila kumchubua, na ngozi isiyochubuliwa ni nusu ya tiba. Anayefanya kazi safi namna hiyo anastahili kulipwa zaidi ya mwenye sumu.

Haya wadau: wenye matangi ya chumvi, mlishawahi kuambiwa samaki wenu walitoka mwamba gani?