Mitambo ya Ruzizi na deni la matengenezo

Mto Ruzizi unaanzia Bukavu, pale Ziwa Kivu linapomwaga maji yake, na ziwa hilo la takriban kilomita za mraba 2,400 ni ghala la maji ambalo hakuna mhandisi angeweza kulichimba. Kiangazi hakilikaushi, na mto wenyewe unashuka karibu mita 700 kabla ya kufika Ziwa Tanganyika. Karibu na chanzo cha mto ndipo Wabelgiji walipojenga kituo cha umeme cha Ruzizi I mwishoni mwa miaka ya 1950. Kilianza na mitambo miwili, mingine miwili ikaongezwa mwaka 1972, na yote minne haifikishi megawati 30. Mwaka 1989 ikaja Ruzizi II, mali ya Kongo, Rwanda na Burundi, mikononi mwa kampuni yao ya pamoja, SINELAC, yenye makao yake Bukavu. Faida ya kugawa kazi kwa mitambo kadhaa iko wazi: mmoja ukisimama, mingine inaendelea.

Waliobuni kompyuta kubwa za mabenki walifuata mantiki hiyo hiyo, ila walikwenda mbele zaidi. IBM ilidai sifa tatu kwa pamoja: mashine isiharibike ovyo, iwe kazini muda wote, na itengenezeke kwa urahisi. Sifa ya tatu ndiyo inayozilinda nyingine, kwa sababu hakuna chuma kisichochoka. Ruzizi ilipewa ya kwanza na ziwa, ya pili na wingi wa mitambo, ya tatu iliachiwa bajeti, nayo bajeti hupenda majengo mapya (ni mwanasiasa gani amewahi kukata utepe wa kipuri?). Leo mvua ikinyesha Bukavu, chupa na mifuko ya plastiki huteremka vilimani hadi ziwani, kisha huelea mpaka bwawani. Wapiga mbizi huingia majini kuziopoa zisije zikaziba mitambo, na mitambo ikikwama mji unabaki gizani.

Atasema mtu kwamba vita vya 1996 na 1998 ndivyo vilivyovuruga kila kitu, na kwamba SNEL, shirika la umeme la Kongo, isiyolipwa bili haiwezi kununua vipuri. Ni kweli, lakini mtambo hupangiwa matengenezo kwa ajili ya siku mbaya kama hizo hasa. Wengine wanaingojea Ruzizi III ya megawati 206. Nayo itategemea mto huo huo. Basi wanaoipanga waandike kwanza ni nani atakayeondoa taka, na fedha za vipuri zitatoka wapi.