Mpelelezi Asiye na Cheo: Kutoka Makunduchi Hadi Hanang

Ukiwauliza wasomaji wa rika langu hapa Katesh wakutajie mpelelezi wa riwaya za Kiswahili, wengi watakwambia Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Sawa, siwabishii. Hao ni watu wa mbio na bastola. Ila mimi nampenda zaidi mzee mmoja wa Unguja asiye na haraka: Bwana Msa. Anavuta kiko chake, anauliza, anasikiliza, anauliza tena.

Aliyemuumba ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, 1918, mwandishi wa magazeti kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 na East African Literature Bureau wakaitoa kitabu mwaka 1960. Jina la Msa lenyewe ni herufi za kwanza za majina yake matatu. Na kwamba alimsoma Sherlock Holmes, huhitaji kuwa mpelelezi kujua: kiko kipo, na rafiki wa pembeni yupo, Najum.

Lakini alichokiongeza ndicho kinachonihusu. Mtu anakutwa amekufa kwenye mzimu, na watu wanajua tayari nani kaua: mzimu. Kesi imeisha hata haijaanza. Bwana Msa anakataa. Anasema, kwa vitendo zaidi kuliko kwa maneno, kwamba aliyefanya hivi ana mikono na ana sababu.

Baada yake mpelelezi akapewa cheo. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, 1965, ina Inspekta Wingo. Kufa na Kupona ya Musiba, 1974, ina jasusi wa serikali. Naona mantiki yake: nchi changa, vita vya ukombozi kusini, adui yuko ng'ambo ya mpaka. Ila hapo mwanakijiji mwenye macho akabaki bila kazi.

Sasa njoo kwetu. Hanang ilimegwa kutoka Wilaya ya Mbulu mwaka 1969. Kabla ya hapo, enzi za Mwingereza, Wabarabaig waliposhukiwa kwa mauaji ya majirani, serikali ilitumia sheria ya adhabu ya pamoja. Muuaji asipopatikana, ng'ombe wa jamii nzima hutozwa faini. Fikiria hesabu hiyo. Mmoja kaua, mia wanalipa, na jina baya linabaki kwa kabila zima mpaka kwa wajukuu.

Upande wa Wairaqw, wazee nao wana njia yao kwa mkosaji asiyejulikana: laana. Wanakaa, wanatamka, kisha wanasubiri. Siidharau, maana imezuia wengi kunyoosha mkono. Lakini laana nayo inasubiri mtu augue ndipo ijulikane ni nani, na watu huugua kwa mengi, jamani.

Ndiyo maana nikiketi kumuumba mpelelezi wa Mbulu na Hanang, sioni kama ni mchezo wa kitendawili tu. Kumtaja mmoja kwa ushahidi ni kuwafungulia wote waliobaki waende nyumbani.

Awe nani basi? Si askari. Askari akifika, watu hunyamaza. Namtaka mwanamke mtu mzima, muuza vitunguu saumu kutoka Mbulu, anayezunguka minadani, ambaye Wairaqw watamwita aama, yaani bibi. Agatha Christie alilijua hili alipompa Miss Marple riwaya yake ya kwanza mwaka 1930: bibi kizee hakuna anayemwogopa, kwa hiyo husikia kila kitu. Alexander McCall Smith akaja na Mma Ramotswe wa Botswana mwaka 1998, naye akashinda kwa chai na subira.

Wa kwetu ana silaha moja ambayo hao hawana. Hapa zinakutana lugha za asili mbalimbali kabisa: Kiiraqw, Kidatoga, Kinyaturu, na huko Yaeda Chini Kihadza. Wanaume wawili wakipatana kwa Kidatoga pembeni ya bibi Mwiraqw wanayedhani haelewi, hapo umeshapata sura ya tano ya kitabu.

Tena mwanamke kuamua kesi si jambo la kuazima Uingereza. George Klima, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu Wabarabaig, alieleza baraza la wanawake, girgwageda gademga, linalomhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake na kumtoza ng'ombe. Kwa hiyo mwishoni, pale wapelelezi wa Ulaya wanapokusanya washukiwa sebuleni, bibi yangu atawakusanya wanawake chini ya mti. Wanaume watasimama mbali, wakijifanya hawasikilizi.

Abdulla alihitaji miaka ya kukaa na lugha ya watu wake ndipo Msa akazungumza kama jirani. Nasi tunayo masikio. Kinachobaki ni mtu wa Dongobesh, Basotu au Haydom kununua daftari na kuanza, kabla hatujazoea kuamini kwamba muuaji siku zote ni "wale".