Intakula, kipozahewa cha injini yenye tabo

Lori likishapakia saruji Pongwe na kushika njia ya Muheza kuelekea Segera, injini yake inavuta hewa ya pwani ya Tanga: hewa yenye unyevu mwingi na, mchana wa Februari, joto la nyuzi 32 hivi. Hewa hiyo haiendi moja kwa moja kwenye silinda. Inapita kwanza kwenye tabo, inateremka kwa bomba nene hadi kwenye kitu bapa cha alumini kilichosimama mbele ya rejeta, ndipo inapanda tena kuingia kwenye injini. Kitu hicho bapa mafundi wetu wanakiita intakula. Madereva wanalijua jina na wanaijua bei. Kinachofanyika ndani yake ndicho kisichoelezwa sawasawa, na naamini jina lenyewe ni sehemu ya tatizo.

Tuanze na tabo, maana bila tabo intakula haina kazi. Tabo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yamefungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye silinda, ukiwa na joto la mamia ya nyuzi, unasukuma gurudumu la kwanza. La pili linazunguka pamoja nalo, linavuta hewa ya nje na kuibana. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Kwenye gari dogo mzunguko wake unaweza kupita mara 100,000 kwa dakika. Nguvu ambayo ingepotea kwenye ekzosi inageuzwa kuwa hewa ya ziada, na penye hewa ya ziada dizeli ya ziada inaungua vizuri.

Lakini hewa ikibanwa hupata joto. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono ameliona hilo: pampu huchemka chini, pale hewa inapobanwa. Sasa chukua ile hewa ya nyuzi 32, tabo iibane hadi presha yake iwe mara mbili ya hewa ya nje. Kwa tabo ya kawaida, hewa hiyo itatoka na joto la nyuzi 125 hivi. Na hewa yenye joto imetanuka. Presha ni mara mbili kweli, ila uzito wa hewa unaoingia kwenye silinda umeongezeka hadi mara moja na nusu tu. Karibu nusu ya faida ya tabo imeliwa na joto ambalo tabo imelitengeneza yenyewe. Ukiipoza hewa hiyo hadi nyuzi 55 kabla haijaingia, unafika karibu mara 1.8. Hiyo ndiyo kazi ya intakula: hewa ya tabo inapita ndani ya mirija yake, upepo wa njiani unapita nje kati ya mapezi membamba ya alumini, na joto linahama kutoka ndani kwenda nje. Haina mota wala sehemu yoyote inayozunguka.

Faida haiishii kwenye nguvu. Injini ya petroli ikilishwa hewa ya moto, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati wake, injini hugonga, na pistoni inaweza kutoboka. Injini ya dizeli haigongi kwa namna hiyo, ila joto la moshi wake hupanda mno, na wanaolipia ni valvu, silinda hedi na tabo yenyewe. Kwa hiyo nasikitika nikimsikia mtu akisema intakula ni kwa ajili ya mbio. Lori linalotembea kilomita 60 kwa saa linaihitaji kama gari la mashindano.

Mahali pa kuionea kazi hiyo ni mlima wa Mombo kwenda Lushoto. Barabara inapanda kupitia Soni kwa zaidi ya kilomita 30, kona juu ya kona, dereva akiwa gia ndogo. Injini imekandamizwa, tabo inasukuma kwa nguvu zake zote, na mwendo ni mdogo kiasi kwamba upepo wa njiani haupo. Feni ndiyo inayobaki kuvuta hewa kati ya mapezi. Hapo ndipo hozi ya intakula iliyochoka inapofumuka. Dalili zake hazifichiki: mluzi chini ya boneti, moshi mweusi nyuma, na gari halivuti. Hewa iliyobanwa inatorokea njiani, dizeli inaingia ileile, haipati hewa ya kuungulia. Madereva wengi hukimbilia kupima pampu na nozeli, wakatoa fedha nyingi, wakati kinachotakiwa ni klipu mpya au kipande cha mpira. Fundi anayejua kazi huanza na povu la sabuni: injini ikiwa inanguruma anapaka maungio yote ya hozi, na panapovuja povu linachemka. Kisha atakwambia ushike bomba la kuingilia na la kutokea, kwa tahadhari na kitambaa mkononi, gari likiwa limetoka safari. La kuingilia liwe la moto, la kutokea liwe vuguvugu. Yakilingana, intakula imeziba.

Si kila gari linayo. Land Cruiser Mkonga yenye injini ya 1HZ, iliyojaa kwenye halmashauri na miradi yetu, haina intakula kwa sababu haina tabo; inavuta hewa yenyewe. Subaru yenye tabo imeilaza juu ya injini, na lile tundu la kwenye boneti ndilo linaloipelekea upepo, kwa hiyo si pambo la kuzibwa. Kwenye mabasi yenye injini nyuma haipati upepo wa mbele kabisa. Inategemea feni, na vumbi inalolamba ni lile linalotimuliwa na matairi ya basi lenyewe.

Sasa jina. Kifaa hiki hakikuzaliwa kwenye gari. Kilianzia kwenye kompresa kubwa zinazobana hewa kwa hatua mbili au zaidi: hewa inabanwa mara ya kwanza, inapozwa, inabanwa tena. Kipoza kilikaa katikati ya hatua hizo, na Waingereza wakakiita kwa nafasi yake hiyo ya kati. Kwenye gari la kawaida hewa inabanwa na tabo moja tu, na kupozwa kunafuata baada ya hapo. Hakuna hatua mbili, lakini jina lilihama na kifaa. Wajerumani hawakulifuata, jina lao linataja hewa inayosukumwa kwenye injini kwamba ndiyo inayopozwa.

Kwa hiyo anayetafsiri neno la Kiingereza kipande kwa kipande na kupata "kipoza kati" anarithi kosa la watu. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA atadhani kinapoza katikati ya injini, na hatakuwa na kosa kudhani hivyo. Kiswahili kina njia yake iliyonyooka: kipimajoto, kipazasauti, kifyonzavumbi. Tendo kwanza, kinachotendwa baadaye. Kwa njia hiyo tunapata kipozahewa. Hakigongani na kiyoyozi, maana hewa ya abiria imeshapata jina lake. Tahadhari moja tu ya tahajia: ni kupoza, kwa o moja. Kupooza ni kulemaa kiungo, na nimeona matangazo ya spea yanayouza "kipooza".

Sisemi intakula ifukuzwe. Imeshakaa mdomoni kama rejeta, gia na breki, na fundi wa Tanga hataomba spea kwa jina jingine kesho. Ila kitabu cha mafunzo kianze na kipozahewa, intakula ifuate, kwa sababu neno la kwanza linamwambia anayejifunza ni kitu gani kinapozwa.

Pwani ina mambo yake na kifaa hiki. Chumvi ya hewa ya bahari hula alumini kwa vishimo vidogovidogo, hasa tope likigandia kwenye mapezi. Kuosha kwa maji baridi yasiyo na presha kubwa kunasaidia, na presha kubwa hulaza mapezi na kuziba njia ya upepo. Jambo la pili ni unyevu. Hewa ikibanwa na mvuke wake hubanwa, na ikipozwa mvuke huo hugeuka maji. Kwenye gari huwa ni kidogo. Kwenye meli zinazoingia bandari ya Tanga ni jambo kubwa: vipozahewa vyao hupozwa kwa maji ya bahari, au kwa maji baridi yaliyopozwa na yale ya bahari, na presha ya tabo ni kubwa zaidi. Injini kubwa katika hewa ya tropiki inaweza kutoa tani nyingi za maji kwa siku. Lazima yatenganishwe na kumwagwa, la sivyo yanaingia kwenye silinda na kuosha oili kwenye kuta zake.

Na neno likishakubalika linazaa. Kwenye pua ya lori jipya kuna rejeta inayopoza maji, na kipozahewa mbele yake. Oili ya injini au ya gia ina kipozamafuta chake. Dizeli za sasa hurudisha sehemu ya moshi kwenye silinda ili kupunguza sumu inayotoka kwenye ekzosi, na moshi huo hupitishwa kwanza kwenye kipoza chake. Hicho ni kipozamoshi. Mwanafunzi aliyeelewa kimoja hahitaji kuelezwa vingine vinapoza nini.